Lugha Mlangoni mwa Chuo Kikuu: Mtahiniwa wa Ganze Baina ya Kiingereza, Kiswahili na Kigiriama

Swali la lugha ambazo mwanafunzi hutakiwa awe amezisoma kabla ya kukubaliwa chuoni ni kongwe kama vyuo vikuu vyenyewe, lakini halikuulizwa kwa namna moja kila mahali. Nchini Marekani huulizwa kwa hesabu ya miaka: mwombaji amesoma lugha ya kigeni kwa miaka mingapi katika shule ya sekondari? Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, hudai miaka miwili ya lugha isiyokuwa Kiingereza, na hushauri mitatu. Nyuma ya hesabu hiyo kuna kipimo kilichoenezwa na Wakfu wa Carnegie mwanzoni mwa karne ya 20, ambacho kwacho somo moja la mwaka mmoja lilikadiriwa kuwa saa 120 za kukaa mbele ya mwalimu. Katika Afrika ya Mashariki desturi iliyorithiwa ni ya Kiingereza, nayo haikuhesabu miaka bali karatasi za mtihani. Mtoto angeweza kusoma lugha fulani miaka saba au minane asipate hata alama moja ya kumfaa, iwapo lugha hiyo haikuwa na karatasi yake katika mtihani uliotazamwa na chuo kikuu.

Tofauti hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya historia ya Kiswahili katika shule za Kenya. Historia hiyo imekwisha kuandikwa mara nyingi kwa kufuata ripoti za tume, moja baada ya nyingine, kana kwamba kila pendekezo lililochapishwa lilifundishwa. Makala haya yanakusudia kuitazama kutoka upande wa pili, yaani upande wa mtahiniwa, na mtahiniwa aliyechaguliwa ni wa Ganze. Sababu za uchaguzi huo zitadhihirika.

Ganze imo katika Kaunti ya Kilifi, upande wa magharibi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, pale ambapo mvua ya pwani hupungua na nchi huanza kuwa kame. Bamba, Vitengeni, Jaribuni na Ganze yenyewe ni makao ya Wagiriama na Wakauma. Kaya ya Wakauma iliyo karibu na Jaribuni ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa mtu aitazamaye nchi kutoka Nairobi, Ganze ni Pwani, na Pwani ni nyumbani kwa Kiswahili. Kwa anayeishi Bamba mambo si hivyo. Kiswahili ni lugha ya soko la Kilifi na la Malindi, ya gari la abiria, ya zahanati na ya baraza la chifu anapokuwapo mgeni. Nyumbani, kisimani na matangani husemwa Kigiriama. Mtoto huingia darasa la kwanza akiwa amesikia Kiswahili, pengine sana, lakini hajakitumia kuomba chakula wala kugombana na nduguye.

Kigiriama na Kiswahili ni lugha za kundi moja, lile ambalo wanaisimu huliita Sabaki, na ambalo lilichunguzwa kwa kirefu na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993. Ulinganifu wa sauti baina ya lugha hizi mbili ni wa kupendeza kwa utaratibu wake. Penye t ya Kiswahili, Kigiriama aghalabu kina h: mti ni muhi, moto ni moho, kiti ni kihi, tatu ni hahu. Penye j kuna dz: maji ni madzi, mji ni mudzi, juu ni dzulu. Mwanafunzi wa isimu hufurahia jedwali kama hili. Mwalimu wa darasa la kwanza hana nafasi ya kulifurahia, kwani kwake ukaribu huu ni mtego. Mtoto wa Kijaluo au wa Kikalenjin anapofundishwa Kiswahili, kila mtu hujua kwamba anafundishwa lugha mpya, na kosa lake huonekana mara moja kuwa ni kosa la mgeni. Mtoto wa Ganze huelewa upesi, huitika vizuri, na mwalimu huridhika. Upungufu hujitokeza baadaye, katika insha, katika upatanisho wa ngeli na katika uteuzi wa msamiati, na unapojitokeza huitwa uvivu. Haikosi kusemwa: vipi mtoto wa Pwani aanguke Kiswahili?

Wapo watakaojibu kwamba Wamijikenda wana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa uchunguzi wa Kiswahili, na kwa namna fulani ni kweli. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akahamia Rabai mwaka 1846, na sehemu kubwa ya kazi yake ya lugha aliifanya akiwa miongoni mwa Warabai. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850 na kamusi yake mwaka 1882. Pamoja na Johannes Rebmann alikusanya pia kamusi ya lugha iliyoitwa wakati ule Kinika, ambayo ilichapishwa mwaka 1887. Jina hilo la Kinika, lenye maana ya lugha ya watu wa porini, lilikuwa ni la watu wa mjini na halikupendwa na wenyewe. Jina la Mijikenda lilienea katika miaka ya 1940. W. E. Taylor, ambaye wataalamu wa fasihi humkumbuka kwa kazi yake ya ushairi wa Mombasa, alichapisha mwaka 1891 msamiati wa Kigiriama pamoja na mkusanyiko wa maneno na masimulizi yake. Hivyo basi, kabla ya mwaka 1900 Kigiriama kilikuwa na maandishi yaliyoweza kusomwa na wanazuoni wa Ulaya. Hakikuwa na shule za kukitumia isipokuwa zile chache za wamisionari, na hizo zilikuwa hasa upande wa Rabai na Ribe, kusini, mbali na Ganze. Vita vya mwaka 1914, ambavyo chanzo chake kilikuwa kodi na kudaiwa vijana wa kazi, na ambavyo kabla yake Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kukamatwa na kupelekwa Kisii, havikuwavutia wazee wa Wagiriama wawatoe watoto wao kwa mambo ya Wazungu.

Hukumu iliyomgusa zaidi mtoto wa Ganze, ingawa hapana aliyemtaja, ilitolewa Mombasa mwaka 1928, mkutano ulipokubali kwamba Kiswahili cha vitabu kijengwe juu ya Kiunguja. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kuisimamia kazi hiyo. Hasara ya Kimvita imelalamikiwa na wengi, hasa wenyewe wa Mombasa, na haifai kurudiwa hapa. Lakini mara chache husemwa kwamba Mgiriama naye alipoteza. Kiswahili kilichomfikia kutoka mjini kilikuwa cha ndia, mato na nti, na shule ikamtaka aseme njia, macho na nchi. Kwa hivyo alikuwa na lugha mbili za kuziacha kabla hajaifikia ile iliyotahiniwa.

Katika zama hizo, hata hivyo, Kiswahili hakikuwa lugha ya kumfikisha mtu chuoni. Ili kuelewa kwa nini, hapana budi kutazama jambo lenyewe huko lilikotoka. Vyuo vikuu vya Uingereza vilikuwa na desturi ya kudai lugha ambazo hazikusemwa na mtu yeyote: Kigiriki cha kale kiliacha kuwa sharti la lazima Cambridge mwaka 1919 na Oxford mwaka 1920, na Kilatini kilidumu mpaka karibu na mwaka 1960. Haikudaiwa kwamba daktari angezungumza na mgonjwa kwa Kilatini. Sharti lile lilikuwa ni la kuchagua watu, na shule zilizoweza kulitimiza zilijulikana. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kama chuo cha ufundi, ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilirithi mantiki hiyo, ila mahali pa Kilatini palikaliwa na Kiingereza. Katika mtihani wa Cheti cha Shule cha Cambridge, mtahiniwa aliyeanguka Kiingereza hakupewa cheti, hata angefaulu namna gani katika masomo mengine. Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya masomo, na waliokichukua walipata alama zao. Lakini kukosa Kiswahili hakukumzuia mtu, na kukosa Kiingereza kulimzuia kabisa. Tofauti hiyo ilitosha. Hakuna mwalimu mkuu aliyehitaji kusomewa waraka ili ajue saa za ratiba zilistahili kupewa somo lipi.

Wakati huo huo, huko chini katika shule za msingi, wataalamu walikuwa wakibishana. Mkutano wa wamisionari uliofanyika Nairobi mwaka 1909 ulipendekeza lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo, Kiswahili katika madarasa ya kati, na Kiingereza juu yake. Tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1924 ilitaka Kiswahili kiondolewe katika shule isipokuwa mahali ambapo ni lugha ya wenyeji. Kundi la uchunguzi lililoongozwa na A. L. Binns katika miaka ya 1951 na 1952 lilisema karibu maneno hayo hayo: lugha ya mama mwanzoni, kisha Kiingereza, na Kiswahili kibaki kwao.

Kwao ni wapi? Swali hili halikujibiwa na yeyote kati yao, na jibu lake si rahisi. Lamu na Mombasa hazikuwa na shida. Lakini Ganze? Kama ingehesabiwa kuwa ni nchi ya Kiswahili, mtoto angefundishwa kwa lugha isiyokuwa ya mama yake, kinyume cha msingi wa ripoti zenyewe. Kama ingehesabiwa kuwa ni nchi ya Kigiriama, angekatwa na lugha ya soko, ya mahakama na ya jirani zake wa mwambao. Ripoti zile ziliandikwa na watu walioiona nchi kuwa ni vipande vya lugha vilivyopakana kama mashamba, kila shamba na ua wake. Nchi ya nyuma ya mwambao haikuwa hivyo hata siku moja: Mgiriama aliuza mahindi kwa Kiswahili na kuzika kwa Kigiriama. Wala si ajabu kwamba walichokipata watoto wa huko kilitegemea zaidi mwalimu aliyepelekwa na kitabu kilichokuwapo kabatini kuliko neno lolote lililoandikwa London.

Uhuru uliibadilisha hali ya mambo kwa maneno. Tume ya Ominde, katika ripoti yake ya kwanza ya mwaka 1964, ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na ikataka Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi kwa kadiri ilivyowezekana. Kipindi kilichofuata, tangu 1964 hadi 1985, ndicho chenye funzo kubwa zaidi kwa jambo linalochunguzwa hapa, nacho hupitwa haraka na waandishi wengi kwa kuwa hakina tukio kubwa ndani yake. Kwa miaka ishirini na moja Kiswahili kilikuwa ni somo la lazima lisilokuwa na mtihani. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, uliojulikana kwa herufi CPE, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu, na karatasi ya maarifa ya jumla. Aliyefaulu karatasi hizo tatu alikwenda sekondari, na aliyeanguka alibaki kijijini. Huko sekondari Kiswahili kilikuwa somo la hiari.

Yafaa ifikiriwe maana ya hali hiyo kwa shule ya msingi ya Vitengeni au ya Bamba. Mtoto alisoma Kiswahili miaka saba. Kwa kipimo cha Kimarekani cha kuhesabu miaka angekuwa amepita kiasi, tena zaidi ya mara tatu ya kinachodaiwa California. Lakini vipindi vya Kiswahili vilikuwa vya kwanza kuazimwa mtihani wa CPE ulipokaribia. Mwalimu aliyepewa somo hilo aghalabu ni yule aliyekuwa na nafasi, si yule aliyelijua. Na vitabu vilinunuliwa mwisho, kama fedha zilibaki. Walimu hawa hawastahili kulaumiwa. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo, katika nchi ambayo ukame humaliza mifugo kila baada ya miaka michache, alikuwa na haki ya kutaka mwanawe afundishwe kile kitakachohesabiwa. Yule mwalimu aliyekitwaa kipindi cha Kiswahili akafundisha Hesabu alikuwa mwadilifu kwa watoto wake.

Kuna kinaya cha kutosha katika miaka hiyo. Julai 1974 Rais Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumiwe Bungeni, na wabunge wengi, wenye shahada za vyuo vikuu vya nchi kadhaa, wakajikuta hawawezi kuzungumza kwa lugha ambayo hakuna shule wala chuo kilichowahi kuwadai. Huko Marekani, kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1958 ya kugharimia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa ilikuwa imetoa fedha za kufundisha lugha za mbali, na Kiswahili kikawa kinafundishwa katika vyuo vikuu kama vile vya Wisconsin na Los Angeles. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana Weusi wa Marekani walikuwa wakidai kifundishwe hata katika shule zao za sekondari. Kijana wa Wisconsin, basi, aliweza kutimiza sharti la lugha ya kigeni la chuo chake kwa Kiswahili, wakati ambapo kijana wa Ganze, aliyekisema kila siku ya soko, hakuweza kukitumia kuingia kidato cha kwanza.

Kilio cha walimu na wanazuoni wa Kiswahili katika miaka ya 1970 kilihusu jambo hili hasa. Marehemu Shihabuddin Chiraghdin, ambaye pamoja na Mathias Mnyampala aliandika *Historia ya Kiswahili* (1977), alikuwa miongoni mwa walimu walioona kwamba heshima ya lugha katika shule haitokani na hotuba. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe. Pendekezo lilikaa. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 haikuundwa kwa ajili ya Kiswahili wala kwa ajili ya shule za msingi. Iliundwa kuchunguza namna ya kuanzisha chuo kikuu cha pili. Kutokana na kazi yake kikapatikana Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, ukapatikana pia mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ulioanza mwaka 1985. Na ndani ya mfumo huo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani katika ngazi zote mbili za shule. Baraza la Mitihani la Kenya, lililoundwa mwaka 1980, lilitoa KCPE ya kwanza mwaka 1985 na KCSE ya kwanza mwaka 1989. Si bahati kwamba Kiswahili kilipewa karatasi na tume iliyokuwa ikifikiria chuo kikuu. Kwa miaka mingi wapenzi wa lugha walikuwa wamebisha hodi kwenye shule ya msingi, na ufunguo ulikuwa huku juu.

Matokeo yalionekana upesi. Mtahiniwa wa KCSE alihesabiwa alama ya jumla kutokana na masomo kadhaa, na Kiingereza, Kiswahili na Hisabati yalikuwamo kwa lazima. Bila ya wastani wa C+ hakukuwa na njia ya shahada. Aliyetaka udaktari alihitaji Biolojia na Kemia, lakini Kiswahili chake nacho kiliingia katika wastani ule. Ghafula shule zikahitaji walimu waliosomea Kiswahili, vyuo vikuu vikahitaji kuwafundisha walimu hao, na wachapishaji wakapata soko la kamusi, la sarufi na la fasihi. Idara nyingi za Kiswahili zilizopo leo nchini Kenya zisingekuwa na wanafunzi wa kuzijaza bila ya sharti lile. Ni vizuri jambo hili likumbukwe na wale waliomo katika idara hizo, ambao pengine hudhani kwamba wanafunzi huletwa na mapenzi ya lugha peke yake.

Na Ganze? Hapa hukumu ni ngumu kidogo. Sharti la mwaka 1985 lilikuwa zuri kwa Kiswahili na lilikuwa zuri kwa taifa. Kwa mtoto wa Ganze lilikuwa zuri nusu. Kwa mara ya kwanza lugha aliyoikaribia zaidi kuliko Kiingereza ilikuwa na uzito sawa na Kiingereza, na mtoto wa mji mkubwa, mwenye vitabu na luninga ya Kiingereza, hakuwa tena na faida katika karatasi zote mbili za lugha. Lakini lile dhana la kwamba Kiswahili ni cha mtu wa Pwani kwa kuzaliwa halikuondoka, lilizidi. Somo linalodhaniwa kuwa linajulikana halifundishwi kwa bidii. Aidha, katika miaka ile ile Kigiriama, ambacho tangu 1976 Kamati ya Gachathi ilikuwa imependekeza, kama lugha nyingine za wenyeji, kitumike katika madarasa matatu ya kwanza, kiliendelea kukosa karatasi, na kwa kukosa karatasi kikakosa kipindi. Yaliyokipata Kiswahili baina ya 1964 na 1985 yalikipata Kigiriama baada ya hapo, kwa sababu ile ile na kwa njia ile ile. Adhabu aliyopewa mtoto kwa kusema Kigiriama katika uwanja wa shule sasa ilitolewa kwa jina la lugha mbili badala ya moja.

Hali nchini Tanzania ilikuwa tofauti, na kulinganisha kunafaa, ijapokuwa kwa ufupi. Huko Kiswahili kilifundishia shule zote za msingi za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kilikuwa somo la lazima hadi kidato cha nne, lakini chuo kikuu kilibaki na Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Mtahiniwa wa Tanzania aliyejua Kiswahili barabara alikutana na kikwazo cha Kiingereza, na mtahiniwa wa Kenya aliyepita kikwazo cha Kiingereza aliongezewa cha Kiswahili. Katika nchi hizo mbili hakuna mahali ambapo lugha ya tatu, ile ya nyumbani, iliwahi kuulizwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili cheo cha lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, cha lugha rasmi, na ikaiagiza Serikali ikuze lugha za wenyeji. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pwani, kilichokuwa tangu 2007 chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilipewa hati yake mjini Kilifi. Kwa mara ya kwanza chuo kikuu kamili kilikuwa katika kaunti moja na Ganze, na mtoto wa Jaribuni aliweza kuliona lango lake kwa macho siku aliyoteremka kwenda sokoni. Kuliona na kuliingia ni mambo mawili, na sharti la kuingilia halikutungwa Kilifi.

Sharti hilo limebadilika. Kuanzia KCSE ya mwaka 2023 alama ya jumla hupatikana kwa Hisabati, lugha moja tu, iwe Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi. Watahiniwa waliopata C+ na zaidi walikuwa 201,133 mwaka huo, na mwaka uliotangulia walikuwa 173,127. Wapo waliolipokea badiliko hili kwa shangwe, na wanazuoni wa Kiswahili wengi wamelipokea kwa hofu. Hofu yao ina msingi, ingawa si ule unaotajwa mara kwa mara. Karatasi za Kiswahili hazikuondolewa. Insha, Lugha na Fasihi ziko pale pale, na kila mtahiniwa huzikalia. Kilichoondolewa ni ulazima wa kuhesabiwa. Kwa mtu aliyeifuata historia ya miaka ya 1964 hadi 1985, hilo si jambo dogo, kwani wakati ule pia Kiswahili kilikuwa ratibani.

Hata hivyo, Ganze inatoa angalizo ambalo Nairobi haitoi. Kanuni mpya haikusema Kiingereza kihesabiwe na Kiswahili kiachwe. Imesema lugha moja, na mtahiniwa huhesabiwa ile aliyoifanya vizuri zaidi. Kwa kijana wa Bamba huenda lugha hiyo ikawa Kiswahili mara nyingi zaidi kuliko kwa kijana wa jiji kubwa. Kijana aliyeanguka Kiingereza miaka ya 1950 alinyimwa cheti kizima. Mjukuu wake anaweza kuingia chuo kikuu kwa nguvu ya Kiswahili, madhali Kiingereza chake hakikidaiwi na kozi aliyoichagua. Hili halijawahi kutokea katika historia iliyosimuliwa hapa, na mtetezi wa Kiswahili anayelililia sharti la zamani inampasa alipime kabla ya kuandika. Ubaya ni kwamba akishaingia atafundishwa kwa Kiingereza.

Mfumo unaoufuata ule wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya mwisho inatarajiwa mwaka 2027, umeweka Kiswahili au Lugha ya Ishara miongoni mwa masomo ya msingi ya shule ya upili ya juu, ambayo kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Umeweka pia, katika orodha ya masomo ya kuchagua, lugha za wenyeji, sambamba na Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina. Kigiriama kimo, basi, katika ngazi ya mwisho kabla ya chuo, mahali ambapo hakikuwahi kufika tangu Taylor alipokichapisha mwaka 1891. Mzazi wa Vitengeni atakayeuliza kama somo hilo litamfaa mwanawe siku ya kuomba nafasi chuoni atakuwa anauliza lile lile waliloliuliza wazazi wa mwaka 1970 kuhusu Kiswahili. Jibu lake limo katika masharti ya kujiunga na kozi, na masharti hayo hupitishwa na kamati za vyuo vikuu, ambazo ndani yake wamo wahadhiri wa lugha.